Kupima afya ya seli bapa za lithiamu kwa ultrasaundi: muda wa safari unayumba

Seli_Kongwe

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa wanaojua mambo haya ya kupima betri kwa sauti.

Mpangilio ni huu: transdusa mbili (vifaa vinavyogeuza umeme kuwa sauti na sauti kuwa umeme) za megahezi 2.25, kipenyo milimita 12.7, zinatazamana na seli iko katikati. Moja inapiga, nyingine inapokea. Palsa (kifaa cha kurusha mapigo ya umeme) inatoa volti 100, oskiloskopu (kifaa cha kurekodi wimbi) inachukua sampuli milioni 100 kwa sekunde. Kati ya transdusa na seli kuna jeli ya ultrasaundi ya hospitali, na vyote vimebanwa kwa klempu ya seremala. Seli ni bapa, zile za mfuko wa foili zilizotolewa kwenye tableti: kathodi ya kobalti, anodi ya grafiti, unene milimita 5.2, zote toleo moja. Nataka kuzichambua kabla ya kuzifunga upya kwenye taa za sola. Kipimo cha ujazo (chaji ambayo seli inaweza kubeba) kwa kuchaji na kushusha kinakula karibu saa kumi kwa kila seli.

Kinachoonekana: sauti inavuka seli kwa kama mikrosekunde 3.2. Nikichaji kutoka volti 3.0 hadi 4.2, muda unapungua kwa nanosekunde 130 hivi na kimo cha wimbi kinapanda. Hadi hapo inafanana na machapisho. Lakini nikiitoa seli ileile na kuirudisha bila kugusa chaji, jibu linahama hata nanosekunde 90. Nikiiacha usiku kucha, mstari unashuka usiku na kupanda mchana, na kimo cha wimbi kinafifia tu muda wote. Mara mojamoja muda unaruka ghafla nanosekunde 440 kisha unarudi ulikokuwa.

Tena kuna seli nne ambazo hazipitishi sauti kabisa, ingawa zinasoma volti 3.8 na kwa macho hazijavimba.

Maswali: kuyumba huku kunatoka wapi? Hizo seli kimya nizitupe? Mtambo huuhuu utafaa kwa 18650 (zile seli za duara za kopo la chuma) na zile seli kubwa za LFP (lithiamu chuma fosfeti) za boksi la alumini? Na wanaosema betri isikilizwe tu bila kupigwa, wanazungumzia jambo hilihili?

Jiriwa

Mkuu, mshitakiwa wa kwanza ni klempu, wa pili ni jeli.

Jeli ya maji inapitisha sauti kwa kama mita 1,500 kwa sekunde. Tabaka lake likizidi milimita 0.05 tu, sawa na unene wa unywele mwembamba, umeshaongeza nanosekunde 33. Pande mbili ni 66. Kila unapofungua na kufunga, mkono unapaka tofauti na unakaza tofauti. Nanosekunde zako 90 zinapatikana bila seli kubadilika hata chembe.

Klempu ngumu ina ubaya mwingine ambao hauonekani haraka. Grafiti ikijaa lithiamu inatanuka, kwa volumu takribani asilimia 10 hadi 13, na seli nzima inanenepa asilimia chache. Ukiwa umeibana kati ya vyuma visivyosogea, inakosa pa kwenda. Shinikizo linapanda kadiri inavyojaa, tabaka zinashikamana, sauti inapita kasi zaidi. Kwa hiyo sehemu ya zile nanosekunde 130 ni ya klempu, na huwezi kuitenga na ya kemia.

Tengeneza fremu ya uzito. Bamba la chini halisogei na limebeba transdusa moja. Bamba la juu linateleza kwenye nondo mbili laini za milimita 8 zenye bearingi za mstari, hizi za printa za 3D zinatosha kabisa, na limebeba transdusa ya pili. Juu yake weka uzito. Uso wa transdusa yako una eneo la milimita za mraba 127 hivi, hivyo kilo 1.3, ukihesabu na bamba lenyewe, zinakupa kama kilopaskali 100. Usitafute kubana zaidi ili wimbi lipendeze. Ukikandamiza sehemu ndogo kupita kiasi unasukuma elektroliti itoke hapohapo unapopimia.

Kuhusu jeli: ile ya hospitali ni maji karibu yote. Kwa kipimo cha dakika mbili haina neno. Kwa usiku mzima inakauka, hewa inaingia, wimbi linafifia. Hilo ndilo unaloliona kwenye kimo. Kwa vipimo virefu tumia grisi ya silikoni, kiasi cha punje ya mchele kila upande, shusha uzito, kisha subiri nusu saa itandazike ndipo uanze kurekodi. Gliserini iepuke, inanyonya unyevu wa hewa na kasi ya sauti ndani yake inabadilika. Ukanda wa pwani ndiyo kabisa.

Weka na vigingi vitatu kwenye bamba la chini ili kila seli ikae palepale. Kaa angalau milimita 15 kutoka ukingoni na mbali na ndimi za umeme (vipande vya metali vinavyotoka kwenye mfuko), maana hapo kuna mikunjo na tepu.

Kabla ya kupima seli yoyote asubuhi, pima mambo mawili: transdusa uso kwa uso bila seli, huo ndio ucheleweshaji wa vifaa vyako, uutoe kwenye kila jibu; kisha kipande cha akriliki cha milimita 10, ambacho kinapaswa kukupa karibu mikrosekunde 3.7. Akriliki ikihama zaidi ya nanosekunde 10 kutoka jana, tafuta kosa kwanza.

Mawimbi225

Nanosekunde 440 ni rahisi. Gawa 1 kwa megahezi 2.25 unapata nanosekunde 444. Programu yako inapoteza mzunguko mmoja wa wimbi na kudaka unaofuata. Seli haijafanya lolote.

Nahisi unatumia kizingiti, yaani muda unaohesabiwa ni pale wimbi linapovuka milivolti fulani. Achana nacho. Kimo kinapanda seli inapojaa, kwa hiyo wimbi lenye kimo kikubwa linakivuka kizingiti mapema kidogo hata kama kasi haijabadilika, na wewe unaandika "muda umepungua". Chukua wimbi la rejea la seli hiyohiyo, lilinganishe na kila wimbi jipya kwa korelesheni (hesabu inayotafuta msogeo unaoyafananisha zaidi mawimbi mawili), kisha pitisha parabola kwenye nukta tatu za juu za kilele. Sampuli milioni 100 kwa sekunde ni hatua za nanosekunde 10, lakini kwa njia hii unashuka chini ya nanosekunde 1. Ili usiruke mzunguko, tafuta kwanza mahali pa wimbi kwa kutumia bahasha yake (mstari unaofuata vilele vya wimbi), kisha ruhusu korelesheni icheze ndani ya nanosekunde 200 tu kila upande.

Kabla ya hayo yote: wastani wa mapigo 256, kichujio kinachopitisha megahezi 1 hadi 4, na upana wa palsi uwe nusu ya mzunguko, nanosekunde 222. Mapigo 100 kwa sekunde yanatosha. Wastani mmoja unachukua chini ya sekunde tatu.

Weka pia tepu ya Kapton (isiyopitisha umeme) kwenye uso wa transdusa. Kasha lake limeunganishwa na ardhi ya palsa, na ukingo wa mfuko wa seli mara nyingi una alumini iliyo wazi. Zikigusana wakati seli iko kwenye chaja unapata kelele, na siku mbaya unapata cheche.

Sasa jambo ambalo wengi hulipita. Muda wa safari una vitu viwili ndani yake vinavyovutana: unene na kasi. Tuseme seli yako ikijaa inanenepa asilimia 2. Hiyo ni milimita 0.104, na kwa kasi ya mita 1,625 kwa sekunde ni nanosekunde 64 za *kuongezeka*. Wewe unaona zinapungua 130. Maana yake badiliko halisi la kasi lina thamani ya nanosekunde 194 hivi. Chanzo kikubwa ni grafiti yenyewe: hesabu za kinadharia zinaonyesha ugumu wake unakaribia kuwa mara tatu inapojaa lithiamu kikamilifu. Basi funga geji ya saa yenye hatua za milimita 0.01 kwenye bamba la juu la fremu ya Jiriwa, rekodi unene pamoja na muda, na uandike kasi. Seli chakavu hunenepa na haiponi, kwa hiyo muda peke yake unachanganya uzee wa aina mbili tofauti.

Kipimajoto

Kushuka usiku na kupanda mchana ni joto tu, wala usihangaike.

Elektroliti, kitenganishi cha plastiki na gundi ya elektrodi vyote hulainika vikipata joto, sauti inachelewa. Tuseme seli yako inabadilika asilimia 0.2 kwa kila nyuzi 1. Kwenye mikrosekunde 3.2 ni nanosekunde 6.4. Karakana ikitoka nyuzi 24 alfajiri hadi 32 saa nane mchana, ni nanosekunde 51, zaidi ya theluthi ya kile unachokiita kiwango cha chaji. Namba hiyo ya 0.2 usiichukue kwangu, ipime. Chaji seli hadi nusu, ipumzike, kisha ipitishe kwenye nyuzi 15, 25, 35 na 45, saa mbili kila kituo, uchore mstari. Rudia na seli tatu. Kama mistari mitatu ina mteremko mmoja, una kisahihisho.

Lakini ni bora kuzuia kuliko kusahihisha. Boksi la styrofoam la samaki, feni ndogo ya kompyuta ndani, balbu ya wati 25 iliyofunikwa isimulike seli, na kidhibiti joto cha W1209, kilekile kinachofungwa kwenye mashine za kutotolesha vifaranga. Weka nyuzi 35, si 25, kwa sababu kupasha ni rahisi kuliko kupoza. Themista (kihisi joto) ya kilo-omu 10 ibandikwe kwenye seli yenyewe karibu na transdusa. Ikining'inia hewani inakudanganya: seli inapochajiwa kwa mkondo mkubwa inapata joto ndani kabla ya ngozi, na ukiona muda unapinda mwanzoni mwa chaji kwa dakika kadhaa, shuku hilo kabla ya kushuku kemia.

Povu_na_Gesi

Nijibu la seli kimya.

Voltimita haiwezi kuiona gesi, sauti inaiona kuliko kifaa chochote cha bei hiyo. Sababu iko kwenye ukinzani wa sauti (msongamano wa kitu mara kasi ya sauti ndani yake): elektroliti iko kwenye milioni 1 na nusu hivi, gesi iko kwenye mamia, kwa kipimo kilekile. Kwenye mpaka wa viwili hivyo inavuka kama asilimia 0.1 ya nishati, iliyobaki inarudi. Ili kulivuka tabaka la gesi lazima uvuke mipaka miwili, na unabaki na sehemu moja kwa milioni. Desibeli 60 zimekwenda. Tabaka lenyewe linaweza kuwa jembamba kiasi kwamba mkono hausikii uvimbe.

Sasa lazima ujue gesi iko wapi, maana si zote ni hukumu ya kifo. Pima kwa gridi, nukta 5 kwa 4. Ikiwa sauti imekufa kila mahali, ongeza uzito taratibu hadi mara mbili na uangalie. Wimbi likirudi, gesi ilikuwa kati ya foili na rundo la elektrodi, na umeisukuma pembeni. Lisiporudi, gesi iko kati ya tabaka, au elektroliti imekauka na vinyweleo vya elektrodi vimebaki na mapengo. Hali hiyo ya kukauka ilionyeshwa vizuri mwaka 2020 kwenye jarida la Joule, kwa kupitisha ultrasaundi nukta kwa nukta juu ya seli bapa: sehemu zilizolowana zinang'aa, zilizokauka ni giza, na seli zilizochakaa zinazidisha giza.

Kina unakipata kwa mwangwi. Tumia transdusa moja kupiga na kupokea. Mwangwi mkali ukirudi baada ya mikrosekunde 1.5, zidisha kwa kasi ya mita 1,600 kwa sekunde kisha gawa kwa 2: tabaka la gesi liko milimita 1.2 chini ya ngozi. Geuza seli, piga upande wa pili. Jumla ya vina viwili ikikaribia unene wa seli, tabaka ni moja. Ikipungua sana, kuna zaidi ya moja.

Zilizo kimya kwenye gridi nzima hata baada ya kukandamizwa, toa. USIZITOBOE ILI GESI ITOKE. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu kuna video za watu wakifanya hivyo kwa sindano. Ndani kuna gesi zinazowaka, na chumvi ya elektroliti ikikutana na unyevu inatoa asidi ya floridi. Zishushe hadi volti 2.5 kwa resista polepole, funika ndimi kwa tepu, weka kwenye ndoo ya mchanga mkavu nje ya jengo hadi zipelekwe kwa mwenye kibali cha kuzipokea.

Jiriwa

Kuhusu 18650, jibu fupi ni usijisumbue. Jibu refu ni hili.

Sauti ina njia mbili. Moja ni ndani ya seli, milimita 18, karibu mikrosekunde 11. Nyingine ni ndani ya ukuta wa chuma, nusu mzunguko, milimita 28, na chuma chembamba kinapitisha sauti kwa zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde. Hiyo inafika baada ya mikrosekunde 5 na nusu hivi. Kwa hiyo wimbi la kwanza na kubwa kabisa unaloliona ni la kopo. Litakaa vilevile seli ikiwa imejaa au tupu, na utadhani umegundua betri isiyozeeka. Ukisubiri hadi mikrosekunde 11 bado mikia ya mawimbi ya kopo inapiga kelele. Zaidi ya hapo, katikati ya msokoto kuna tundu, na uso wenyewe ni wa mviringo, transdusa bapa inaugusa kwenye mstari tu. Wapo wanaofaulu kwa viatu vya akriliki vilivyochongwa na masafa ya chini ya megahezi 1, lakini kwa kuchambua seli chakavu, ukinzani wa ndani na kujishusha kwa chaji vinakupa jibu kwa gharama ndogo.

LFP za boksi ni habari nyingine, zinapimika. Ila ukuta wa alumini na rundo la ndani havijashikamana hadi uvibane. Seli ikiwa huru juu ya meza utapata ukimya na kudhani imekufa. Zile za ampea-saa 280 huwa zinakusudiwa kubanwa kwa kama kilo 300 za nguvu, ambayo ikigawanywa kwenye uso wake ni chini kidogo ya kilopaskali 85. Bamba mbili za alumini, boliti nne zenye springi, matundu mawili katikati ya kupitishia transdusa. Unene unazidi milimita 70, kwa hiyo megahezi 2.25 haitoboi. Shuka hadi kilohezi 500 au chini.

Uzuri wa LFP ni kwamba volti yake imelala sehemu kubwa ya safari, huwezi kusoma chaji kwa voltimita. Muda wa sauti unaendelea kusogea grafiti inapojaa. Hapo ndipo kazi hii inalipa kuliko kwenye kobalti.

Sikio_la_Chini

Kupiga na kusikiliza si kitu kimoja, na hata kusikiliza kwenyewe kuko kwa aina mbili.

Kwanza, mipasuko ya ndani. Chembe za kathodi na anodi zikivunjika, au povu la gesi likitokea, zinatoa mlio mdogo sana wa kilohezi 100 hadi 500. Kihisi cha kawaida ni cha kilohezi 150, amplifaya ya desibeli 40 karibu nacho, kizingiti desibeli 5 au 6 juu ya kelele ya chumba. Milio hujaa kwenye mizunguko ya kwanza ya seli mpya, utando ukijijenga juu ya grafiti, kisha inatulia. Kwa seli zilizotumika huna historia yake, hivyo idadi ya milio haikuambii kitu mpaka uwe na seli nzuri ya toleo lilelile ya kulinganisha nayo.

Adui wa kazi hii ni chaja. Chaja za kisasa zinakata umeme kwa makumi hadi mamia ya kilohezi, katikati kabisa ya sikio lako. Tumia chanzo cha umeme cha transfoma ya zamani, au chaji kwanza, zima chaja, sikiliza wakati wa mapumziko. Bandika kihisi cha pili mezani: mlio unaofika mezani kabla ya kufika kwenye seli umetoka nje, ufute. Na mvua kwenye bati... siku hiyo fanya kazi nyingine.

Pili, sauti ya hatari, inayosikika kwa maikrofoni ya kawaida. Seli za kopo gumu zina vali ya usalama, na inapopasuka inatoa mlio wa kukatika na mzomeo. Mwaka 2024 watafiti wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, walirekodi betri 38 zikilipuka, wakabadilisha kasi na kidato (unene au wembamba) cha sauti hizo hadi kupata sampuli zaidi ya 1,000, wakafundisha programu iutambue mlio wa vali. Ilifikia usahihi wa asilimia 94. Kati ya vali na moto kulikuwa na kama dakika mbili. Kwa stoo ya betri za pikipiki za umeme hizo ni dakika za kutoa watu nje.

Kwa seli zako bapa haisaidii. Mfuko wa foili hauna vali, unachanika kimyakimya kwenye mshono.

Mawimbi225

Naomba nimpinge Jiriwa kidogo. Uzito ni sawa kwa kuchambua seli mojamoja. Lakini kama seli itakwenda kufungwa kwenye kasha lisilonyumbuka, klempu ngumu inafanana zaidi na maisha yake. Hapo weka kihisi cha mzigo cha kilo 50 chini ya bamba na urekodi shinikizo pamoja na muda.

Jiriwa

Nakubali, mradi shinikizo linarekodiwa. Klempu bila kihisi cha mzigo ndiyo ninayoikataa.

Seli_Kongwe

Asanteni wakuu. Fremu ya uzito na boksi la joto nimeelewa. Swali la mwisho: mipaka ya kuchambulia niiweke wapi? Na kasi ya sauti inaweza kunipa ujazo moja kwa moja, ili niachane na saa kumi?

Povu_na_Gesi

Moja kwa moja, hapana. Kasi inategemea toleo la seli, mtengenezaji, hata kundi la uzalishaji. Namba ya seli ya tableti moja haina maana kwenye tableti nyingine. Chukua seli 25 za toleo moja, zipime zote ujazo kamili kwa mkondo wa moja ya tano ya ujazo wake (yaani unaoijaza au kuimaliza seli kwa saa tano), na zipime sauti pia. Chora ujazo dhidi ya kasi na dhidi ya kimo. Uhusiano ukionekana, una kipimo cha toleo hilo. Usipoonekana, sauti itabaki kuwa kichujio cha gesi na ukavu tu, na hata hivyo inaokoa muda mwingi.

Utaratibu wa kila seli: chaji hadi volti 3.85, shikilia hadi mkondo ushuke chini ya moja ya ishirini ya ujazo. Fika hapo kwa kuchaji kila mara, kamwe usifike kwa kushusha, kwa sababu volti ileile ikifikiwa kutoka juu inatoa muda tofauti. Pumzisha saa moja ndani ya boksi la nyuzi 35. Sauti inaendelea kuhama muda mrefu baada ya mkondo kukatika. Pima nukta tano, katikati na pembe nne, pamoja na unene.

Mipaka ya kuanzia: tafuta kimo cha kati cha kundi. Nukta yoyote iliyo chini ya nusu ya hicho, yaani desibeli 6 pungufu, peleka seli kwenye kipimo kamili cha ujazo. Nukta yoyote chini ya moja ya kumi, seli imetoka. Zilizobaki zipewe mkondo wa ujazo mmoja (unaoimaliza seli kwa saa moja) kwa sekunde 10 upate ukinzani wa ndani, kisha ziwekwe siku 14 uone ni ipi inashusha volti kuliko wenzake. Kujishusha hakuonekani kwa sauti, na ndiko kunakoua pakiti zilizounganishwa kwa mfuatano.

Kipimajoto

Niongeze moja kwa wanaouza taa hizo Njombe na Makete. Kuchaji seli ya grafiti kwa mkondo mkubwa ikiwa na baridi ya nyuzi 5 kunaifanya lithiamu igande kama metali juu ya grafiti badala ya kuingia ndani yake. Sauti inaweza kulionyesha hilo: pima seli, ipitishe mzunguko mmoja wa baridi, irudishe nyuzi 35, ipumzishe, pima tena kwa chaji ileile. Seli salama inarudi kwenye muda wake wa mwanzo. Iliyogandisha lithiamu inabaki imehama, kwa kawaida kuelekea muda mrefu zaidi, na kila mzunguko wa baridi unaongeza hatua. Kama kidhibiti chaji cha taa hakina themista ya kukata chini ya nyuzi 5, punguza mkondo wa kuchaji hadi moja ya kumi ya ujazo kabla ya kuzipeleka huko.